Miche Sita Iliyopandwa na Viriba Vyake

Hii nimeletewa na mtu, nami sikuona vema iishie kwangu. Isome taratibu, kisha mpe na mwenzako.

Katika kijiji kimoja cha tambarare, chini ya milima ya Upare, aliishi mama mmoja aliyeitwa Nakijwa. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa mhudumu wa zahanati. Alifagia, alichemsha vifaa, aliwapokea wagonjwa mlangoni. Alipostaafu, jambo moja halikumtoka moyoni. Njia ya kutoka barabara kuu hadi zahanati ilikuwa peupe, haina hata kichaka. Ni mara ngapi aliwapokea wajawazito waliojitanda kanga kichwani, midomo imewakauka kwa jua!

"Njia ile nitaitafutia kivuli," alisema. "Tena kivuli chenye maua."

Akachagua mikrismasi, ile miti inayowaka maua mekundu Desemba ikifika. Akaokota maganda yake marefu makavu, ambayo watoto huyachezea kama mapanga, akayapasua na kutoa mbegu. Mbegu hizo ni ngumu kama kokoto. Akazimwagia maji ya moto, akaziacha mpaka kesho yake zikavimba, ndipo akazifukia kwenye viriba, yaani vile vifuko vyeusi vya nailoni, alivyovijaza udongo na samadi. Akavipanga uani chini ya kichanja cha nyasi.

Ilichipua miche arobaini na miwili. Ilipofika urefu wa goti, akaanza kuipunguzia nyasi za juu kidogo kidogo ili izoee jua. Alikuwa akisubiri mvua za vuli aihamishie njiani.

Jirani yake mmoja, Mbonea, alikuwa fundi baiskeli na mtu wa maneno mengi. Kila Bi Nakijwa alipopita na ndoo ya samadi, Mbonea aliinua kichwa na kumwuliza mbele ya wateja, "Dada Nakijwa, hivi maua yanaliwa? Si bora ungepanda mihogo?"

Wanaume waliokaa pale walicheka. Jina likamganda: Mama Maua. Bi Nakijwa hakuwahi kujibu, ila lilimchoma. Alipofika nyumbani alimwagilia miche yake kimya kimya, na siku nyingine machozi yalimtoka.

Mwaka huohuo mke wa Mbonea, Namsifu, aliugua. Aliugua kwa miezi mitano, na mwezi wa tisa akafariki. Bi Nakijwa alikwenda msibani, akapika na wenzake, akarudi kwake.

Wiki tatu baadaye aliamka asubuhi, akakuta miche sita haipo.

Mwanzo alidhani ni mbuzi. Lakini mbuzi hawabebi viriba. Pembeni mwa ua, kwenye vumbi, aliona alama ya tairi la baiskeli lililoshonwa kwa uzi. Kijiji kizima baiskeli yenye tairi la namna ile ilikuwa moja tu, ya Mbonea.

Bi Nakijwa alikasirika. Mtu huyu amemcheka mwaka mzima, na sasa anamwibia? Akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Mwizi unamjua?" mwenyekiti aliuliza.

"Namjua."

"Nani?"

"Nitamtaja mkutanoni, mbele ya watu wote. Nataka wacheke tena, nione watamcheka nani."

Mkutano ukapangwa Ijumaa jioni.

Ijumaa asubuhi Bi Nakijwa akaona ni vizuri kwanza aipate miche yake, asije akaambiwa hana ushahidi. Akaenda kwenye banda la Mbonea. Lilikuwa limefungwa. Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri akamwambia, "Yuko makaburini. Siku hizi huenda huko asubuhi na jioni."

Makaburi ya ukoo wa Mbonea yalikuwa nyuma ya kilima, mwendo wa nusu saa. Njia nzima Bi Nakijwa alikuwa akiyapanga maneno yake, makali kama wembe.

Alimkuta Mbonea amepiga magoti kando ya kaburi la mkewe, akimimina maji kutoka kwenye dumu. Miche sita ilikuwa imezunguka kaburi. Yote imenyong'onyea, majani yameanza kupukutika.

Mbonea aligeuka, akamwona. Hakukimbia wala hakukana. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Dada Nakijwa, nakosea wapi? Naimwagilia kila siku, lakini inakufa."

Bi Nakijwa akainama. Akaona nailoni nyeusi imechomoza juu ya udongo.

"Umeipanda na viriba vyake," alisema.

"Kwani havitolewi?"

Bi Nakijwa akayaacha maneno yote aliyoyapanga.

"Mbonea, kwa nini hukuniomba?"

"Ningekuomba kwa mdomo upi? Kwa huu uliokucheka?"

Akaketi chini, akaendelea huku akitazama mikono yake. "Namsifu alikuwa akilala barazani, anaiona miche yako. Siku moja akaniambia, 'Mbonea, nikifa nipandie miti ile ya Nakijwa, nilale penye maua.' Mimi sikutaka kusikia habari za kufa. Nikamjibu vilevile nilivyozoea kukuambia wewe. Nikamwambia maua hayaliwi. Akageukia ukutani. Alfajiri yake akafariki."

Bi Nakijwa alimkumbuka Namsifu, alivyokuwa akimpungia mkono kutoka barazani, naye akidhani ni salamu tu ya jirani.

"Una kisu?" akauliza.

Mbonea akashtuka, lakini akatoa kisu chake cha kukatia mipira. Bi Nakijwa akapiga magoti, akafukua mche wa kwanza, akakipasua kiriba kwa upande, taratibu.

"Ona. Mizizi imekosa pa kwenda, inajizungusha humu ndani. Maji yako yanapita pembeni tu. Sasa shika. Kinga udongo wote kwa chini, kama unavyompokea mtoto mchanga. Ukivunjika, umeuua."

Mche wa kwanza na wa pili aliipanda yeye. Wa tatu na wa nne waliipanda pamoja. Miwili ya mwisho aliipanda Mbonea peke yake, huku akilia.

Jioni watu walijaa mkutanoni. Habari ya kutajwa mwizi huwa haina mtoro. Mwenyekiti akasema, "Mama Nakijwa, simama umtaje."

Bi Nakijwa akasimama. Akawaona wale waliomwita Mama Maua, shingo zimewanyooka. Akamwona na Mbonea amekaa nyuma kabisa, kainamisha kichwa.

"Nawaomba radhi kwa kuwasumbua," alisema. "Miche yangu sita nimeiona. Ipo mahali pake, na leo asubuhi nimeipanda kwa mikono yangu. Sina kesi na mtu."

Minong'ono ikaanza. Mmoja akaropoka, "Si nilisema? Uzee huo! Kapanda mwenyewe, kasahau, anatuitia mwizi!" Watu wakaangua kicheko. Bi Nakijwa akaketi.

Ndipo Mbonea akasimama.

"Acheni kumcheka," alisema. "Hajasahau kitu. Ananificha mimi. Mwizi ni mimi."

Kicheko kikakatika. Mbonea akasimulia yote, hadi jibu alilompa mkewe. Alipomaliza hapakuwa na mtu aliyeweza kumtazama mwenzake.

Mwenyekiti akamgeukia Bi Nakijwa. "Mama Nakijwa, wewe ndiye uliyekosewa. Sema adhabu."

Bi Nakijwa akasimama tena. "Njia ya zahanati inahitaji mashimo thelathini na sita, ya kina cha goti. Mimi mgongo wangu hauwezi tena."

"Nitachimba," Mbonea akasema.

Hakuchimba peke yake. Kesho yake asubuhi wale waliokuwa wakicheka bandani kwake walitokea mmoja mmoja na majembe mabegani. Mvua ziliponyesha, Mbonea ndiye aliyepita shimo kwa shimo na kisu chake, akiwafokea: "Kiriba kitoke! Na udongo usivunjike!"

Kule makaburini, minne ilishika. Miwili ilikuwa imeumia mno, ikafa.

Msimu uliofuata, Bi Nakijwa alikuwa uani anajaza viriba vipya aliposikia hodi. Alikuwa Mbonea, kofia mkononi, amesimama nje ya ua kama mgeni.

"Dada Nakijwa," alisema, "naomba miche miwili."

"Karibu ndani," Bi Nakijwa akamjibu. "Chagua mwenyewe."

Funzo: Huenda aliyekukosea ni mtu aliyekosa mdomo wa kuomba. Kabla ya kumtaja mbele za watu, mfuate kwanza ujue alikuwa anatafuta nini. Nasi tuichunge midomo yetu, maana hatujui kesho tutapiga hodi kwa nani.