Kwa Nini Bakteria Hana Chumba cha Ndani

Riziki, usiache kusuka, nitakujibu huku mikono inakwenda. Mwanao alipougua kifua alipewa amoksilini. Dawa ikazunguka mwili mzima, ikawapasua bakteria, na mtoto mwenyewe isimpasue. Unauliza imejuaje huyu ni nani na yule ni nani. Hao wanaokucheka waache wacheke, swali lako ni zito. Mimi kitabu cha afya nimekisoma mwenyewe, wala sifuati tena kwa kidole, na nilipofika kwenye mchoro wa bakteria nilisema, huyu namjua, huyu ni msukaji mwenzetu. Basi tegeni sikio.

Hapo kale, kabla hapajawa na mtu wala samaki wala jani, palikuwa na dimbwi kubwa la maji ya chumvi, vuguvugu, na waliokaa humo ni seli peke yao. Seli ni kiumbe mdogo hata jicho halimwoni, mpaka uweke hadubini. Siku hizo wote walikuwa sawa. Kila mmoja alikuwa na ngozi laini kama ule utandu wa juu ya maziwa yaliyochemka, ndani yake ute, na katikati ya ute ulielea uzi wa ukoo. Uzi huo ndio uliojua kila kitu: chakula kinavunjwaje, ngozi ikichanika inazibwaje, mtu anajigawaje akawa wawili. Aliyepoteza uzi wake aliishi kidogo tu, kisha ukoo wake ukaisha. Hakuna aliyeuficha wala kuufungia. Ulikaa wazi, mwenye nyumba akitaka kujua jambo anaugusa palepale.

Na hakuna aliyekuwa na ukuta. Wa nini? Chumvi ya nje ilikuwa sawa na chumvi ya ndani, maji hayakuwa na sababu ya kumwingilia mtu.

Kisha ikaja mvua. Si mvua ya vuli hii mnayoijua, ni mvua iliyosahau kuacha. Maji baridi yakajaa dimbwini, chumvi ikawa kidogo nje na nyingi ndani, na maji ndivyo yalivyo, hufuata chumvi iliko. Yakaanza kuingia kwenye miili ya watu kupitia ngozi. Mmeona kunde zilizolowekwa? Ndivyo walivyovimba. Wakavimba, wakavimba, ngozi ikashindwa, wakapasuka, na nyuzi zao zikasambaa majini bila mwenyewe.

Palikuwa na mkubwa mmoja pale dimbwini, akiitwa Jumbe Kitambi. Huyu alikuwa mpana kuliko wote, kwa sababu alikuwa na tabia ya kumeza majirani. Mvua ilipomfika hakupasuka. Alikuwa anateka maji ndani na kuyamwaga nje, anateka, anamwaga, kama mtu aliye kwenye ngalawa inayovuja. Lakini kazi ile ilimchosha, maana hakuwa na moto wa kutosha mwilini. Akaona bora apate watu wa kumfanyia. Akapita akitangaza.

"Ingieni kwangu! Nyumba yangu pana, kwangu hapapasuki mtu!"

Wengi waliingia mbio. Akafika kwa ndugu wawili wa kike, Kijiti na mdogo wake Mwako. Kijiti alikuwa mwembamba na mrefu, ndiyo asili ya jina lake. Mwako alikuwa na ufundi ambao wengine hawakuwa nao: alijua kuchoma chakula kwa hewa, akatoa moto mkubwa kwa chakula kidogo. Jumbe alimtamani yule Mwako toka zamani.

"Tukiingia, uzi wetu utakaa wapi?" Kijiti akamuuliza.

"Nimejenga chumba cha ndani. Kina mlango. Nyuzi zote zitakaa humo, na mlango nitaulinda mimi."

Kijiti akamcheka usoni. "Jumbe, wewe unatafuta wageni au unatafuta vibarua?"

"Kijiti mkavu wewe! Utapasuka kesho, na hapana atakayekulilia."

"Nipasuke na uzi wangu mkononi."

Mwako hakucheka. Tumbo lilikuwa limemjaa, ngozi imemvutika mpaka inang'aa. Akamwambia, "Dada, mimi siwezi tena. Hicho kiburi chako ndicho tutakachokula?"

"Si kiburi."

"Ni nini basi?"

"Ni uzi wa mama, Mwako. Mama alitupa wazi, na mimi nitampa mwanangu wazi. Siendi kuuomba mlangoni kwa mtu."

Mwako akamtazama dada yake, akalitazama tumbo lake, akaingia kwa Jumbe. Msimlaumu. Nyinyi hamjawahi kuvimba vile. Na Jumbe tangu siku ile akapata nguvu ya kuteka maji bila kuchoka, kwa moto wa Mwako, akazidi kuwa mkubwa.

Kijiti akabaki na mvua. Hana wa kumtekea, hana moto wa mdogo wake, na ukoo mzima sasa umo kwenye uzi mmoja unaoelea tumboni mwake. Akapapasa ute wake kutafuta chochote, akakuta sukari. Akaivuta sukari ile ikawa nyuzi ndefu, akazipanga kama sisi tunavyopanga miyaa, na kila nyuzi mbili zilipokutana akazifunga kifundo cha protini. Akasuka kuzunguka mwili wake wote, bila kuacha upenyo, kikawa kama kikapu kinachomkaa barabara.

Jirani yake alikuwa Punje, seli wa mviringo mwenye mdomo. Punje alikuwa anavimba na yeye, lakini kuvimba hakukumzuia kusema. "Eh, shoga! Nani kakufundisha kusuka kikapu huku mwenyewe umo ndani? Utatokaje?"

"Sitoki."

"Haya. Na ukinenepa?"

Hapo ndipo Kijiti alipogundua kosa lake, na wasukaji mliokaa hapa mmelijua kabla yake. Kikapu husukwa kwa kukishika kwa nje. Ukijisukia ukiwa ndani, umejifunga. Na seli ni lazima anenepe, maana bila kunenepa hajigawi, na asipojigawa ukoo ndio umeishia hapo, pamoja na uzi wake na ushujaa wake wote.

Lakini maji yalikuwa yameshafika. Yakaingia kwa nguvu, Kijiti akavimba, ngozi ikakutana na kikapu. Maji yakasukuma, kikapu kikasukuma. Watu wote pale walisikia vifundo vikilia. Havikuachia hata kimoja.

"Kumbe!" akasema Punje.

Sasa likabaki lile kosa. Kijiti akafanya kazi ambayo mpaka leo hakuna mjukuu wake aliyeikwepa. Alikata kifundo kimoja, akapenyeza uzi mpya wa sukari pale palipokatwa, akafunga haraka. Akakata kingine, akapenyeza, akafunga. Akikata na kuchelewa kufunga, maji yampasue. Akiogopa kukata, asikue. Kifundo kwa kifundo akajiongeza, akafika katikati akasuka kizuizi, na kwenye kila upande akaweka uzi wa ukoo mzima. Wakatoka Vijiti wawili, kila mmoja na kikapu chake, kila mmoja na uzi wake wazi.

Punje alikuwa karibu kupasuka. Kijiti hakumfundisha kwa maneno, maana muda haukuwapo. Alichukua kitanzi kidogo cha uzi kilichokuwa na ufundi ule wa kusuka, akatoa unywele mwembamba kama mrija, akakipitisha humo mpaka tumboni mwa Punje. Na Punje, mtu wa pupa, akasuka tabaka juu ya tabaka, kikapu kinene kama godoro. Kijiti na wanawe wao walisuka chembamba, kisha juu yake wakajivika ngozi ya pili yenye mafuta.

"Chembamba hicho kitakuua," akasema Punje.

"Na hicho chako kitakulemea, mama godoro."

Habari ikamfikia Jumbe Kitambi kwamba kuna watu wamekataa kuingia na hawajapasuka. Akakasirika. Akisubiri kidogo, hata waliomo ndani wataanza kuulizia nyuzi zao. Akaja kuwameza. Aliowapata aliwameza, lakini baadhi yao walitafunwa hawatafuniki, wakatoka vilevile walivyoingia. Wengine walisokota mkia wa protini, wakauzungusha nyuma yao, wakaogelea mbali naye. Alipochoka kuwafukuza akasema, "Basi nitawatia alama, ili kila atakayewaona ajue hawa ni waasi." Akawamwagia rangi ya zambarau, wote, toka kichwani. Halafu, ili kuhakikisha imeshika, akawaosha kwa maji makali.

Ukoo wa Punje rangi iliwanasa kwenye magodoro yao, haikutoka. Punje akajigeuza huku na huku akijitazama. "Umetupaka, na sisi hatuoshi! Zambarau ni nguo yetu."

Ukoo wa Kijiti yale maji makali yaliyeyusha mafuta yao, na kikapu chembamba hakikuishikilia rangi, ikachuruzika yote. Kijiti akasema, "Umetupaka, na haikutushika!" Jumbe akawapaka nyekundu kwa hasira, nayo ikawakolea nusunusu, wakawa waridi. Akashindwa hata kwenye alama. Alitaka kundi moja la waasi, akapata makundi mawili, na kila moja linaringa.

Jumbe alipokuwa anaondoka alipita karibu kabisa na Kijiti, ngozi kwa kikapu. Na kutoka ndani Kijiti akasikia sauti anayoijua.

"Dada. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Njoo ndani, dada. Huku kuna joto."

"Joto ni lako, Mwako. Yeye anaota tu."

Kisha Mwako akasema, kwa sauti ya chini, "Uzi wa mama alinidai. Nimempa, kaufungia chumbani. Lakini sikumpa wote. Kipande nimekikunja, nimekificha kwangu."

"Anajua?"

"Anajua. Amekuja kukidai, nimekataa. Nimemwambia akikichukua hiki, moto nazima, tufe wote humu."

Kijiti akacheka mpaka kikapu kikatikisika. "Mdogo wangu! Mimi nilidhani umekwenda kulala."

Jumbe akapita, akaenda zake na Mwako ndani yake. Hawakuonana tena.

Na tangu siku hiyo bakteria hana chumba cha ndani. Mchunguze kwa hadubini kali utaona uzi wake umekaa katikati ya ute, wazi, hauna mlango wala mlinzi. Anasuka kikapu chake cha sukari na protini hadi leo, anakata na kufunga, anakata na kufunga. Na maabara wakitaka kumjua ni wa ukoo gani wanamfanyia vilevile: wanampaka zambarau, wanamwosha kwa spiriti, wanampaka nyekundu, kisha wanatazama. Wa Punje anabaki na zambarau yake. Wa Kijiti anakuwa waridi. Nusu ya kazi ya kuchagua dawa imeshafanyika hapo.

Jibu lako sasa, Riziki. Sisi watu, pamoja na mbuzi na minazi na samaki, ni kizazi cha Jumbe Kitambi. Msininunie, ndivyo ilivyo. Seli zetu zina chumba cha ndani chenye uzi, na kikapu kile hatuna. Aliyeligundua kosa la Kijiti ni ukungu, huyu huyu anayeota kwenye mkate. Alitengeneza kitu kinachofanana na ncha ya kifundo, bakteria akikishika afunge, hakifungiki. Kisha kazi ya kukata inaendelea na ya kufunga imekwama, maji yanaingia, anapasuka. Penisilini ilitoka kwake, na amoksilini ni ndugu yake. Ikifika kwenye seli ya mwanao inatafuta kifundo, haikioni, inapita.

Ila usidhani Kijiti ameinama. Wajukuu wake wameshapata mkasi wa kuikata dawa hiyo, na ufundi wa mkasi wanapeana kwa vitanzi, kupitia ule unywele, jirani kwa jirani, hata asiye wa ukoo wao anapewa. Kwa hiyo daktari akikwambia mpe mtoto dawa kwa siku alizoandika, mpe zote, hata akiwa ameshaanza kukimbiza kuku. Wao ni wabishi, na wewe uwe mbishi kama wao.

Na Mwako yumo. Yumo kwenye mkono wako huo unaosuka, yumo kwenye moyo wa mwanao, wengi wasiohesabika kwenye kila seli, ndio wanaochoma chakula kwa hewa unayovuta, wakatupa joto na nguvu. Mama ndiye anayewapitisha kwa mtoto, baba hahusiki. Na kila mmoja wao, ukimtazama vizuri, kando kabisa na chumba cha ndani na uzi mkubwa uliofungiwa humo, ana kipande chake kidogo cha uzi wa mama. Ameambiwa akitoe tangu dunia ingali dimbwi. Hajakitoa.