Tari la Bi Mwanakombo

Hapo zamani, enzi ambazo kompyuta ilikuwa moja kwa mtaa mzima na tukiivulia viatu mlangoni, aliishi Bi Mwanakombo, mwimbaji wa harusi. Mnacheka? Ilikuwa raha, wallahi!

Nyimbo zake aliziandika kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa utotoni chuo cha Kurani, na mchwa walishaanza kuzitafuna karatasi. Akawaita vijana wawili waliojua kuunda programu, Famau na Shee, pamoja na mjukuu wake Kibibi. Akawaambia, "Wanangu, sauti inaniaga. Atakayeniwekea nyimbo zangu ndani ya mashine hiyo, tari langu hili ninalolipiga nikiimba ni lake."

Sasa, ndani ya mashine kila herufi hupewa chumba. Famau akachagua vyumba vyembamba, maana nafasi ilikuwa finyu na vyembamba huenea vingi. Lakini herufi za Kiarabu hazikuingia humo. Kwenye kioo zikatoka alama za kuuliza tupu. Basi Kibibi akamsomea, naye Famau akaandika kwa a, be, che. Nyimbo zote zikaingia. Bi akakitazama kioo, akauliza, "Hizi ndizo zangu?" Herufi za Kizungu hakujua hata moja.

Shee akachagua vyumba vipana. Kibibi akabonyeza, herufi zikakaa vilevile alivyoziandika bibi yake. Bi akasoma wimbo wa kwanza, akaimba kwa sauti ile iliyobaki. Jamani, tulilia sote! Ila mashine ikajaa, nyimbo hazijafika hata nusu.

Mwaka haukuisha, Bi akafariki. Karatasi nazo mchwa wakazimaliza.

Famau akasema, "Harusi zote za hapa zinaimbwa kwa nyimbo nilizookoa mimi. Tari langu!"

Shee akasema, "Uliokoa nyimbo, mwenye nyimbo ukamfungia nje. Mimi nilimrudishia zake akiwa hai. Tari langu!"

Kibibi akasema, "Nyie mlijua kuzisoma? Macho yangu, vidole vyangu. Tari langu!"

Wakagombana, wakatawanyika, hawakukaa tena chumba kimoja. Siku hizi simu ya mkononi inabeba vyumba vipana bila hata kuhema. Mimi nikiwakumbuka watatu wale mbele ya kioo kimoja, roho inaniuma.

Tari liko ukutani kwangu. Bi aliniachia mimi jirani yake nimpe anayestahili, na tangu siku ile halijapigwa. Haya, nyie mliokaa hapa mkinisikiliza, nilitie mkononi mwa nani? Nani alistahili?