Chiriku Aomba Mji

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama nao walikuwa na nyumba, majiko na foleni ya maji. Mtangazaji wao alikuwa Chiriku, ndege asiyezidi ngumi. Kila asubuhi alitua juu ya kichuguu akawaeleza nani kajifungua, wapi imenyesha na nani kapotelewa na sufuria.

Mwaka mmoja kisima kikakauka. Jumbe Kiboko, mkubwa wao, akasema ni ukame, wavumilie. Lakini Chiriku aliporuka juu ya Chemchemi, kitongoji kilicho nyuma ya nyumba ya Jumbe, aliona ukuta wa mawe umezuia maji yote, na katikati ya bwawa, chubwi, chubwi, Jumbe anaoga.

Akarudi mbio kutangaza. Hakufika mbali. Fisi, askari wa Jumbe, alimdaka akamburuta kwa bawa mpaka barazani.

"Kuanzia leo hakuna habari bila kibali changu," Jumbe alisema. "Ukitangaza neno moja, nakunyonyoa. Na Chemchemi asikanyage mtu, ni kwangu."

Chiriku aliyawaza makinda yake, yaliyolala na kiu.

"Sawa, mzee. Na vitendawili navyo vinataka kibali?"

Jumbe alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Michezo ya watoto? Tega mpaka uchoke."

Kesho yake Jumbe aliitisha mkutano kueleza tena habari za ukame. Alipotulia kuvuta pumzi, Chiriku akadakia.

"Kitendawili!"

"Tega!" wakaitika wote. Jumbe naye aliitika. Mazoea yana tabu.

"Sote tuna kiu, mmoja anaoga."

Mama Swala akatazama kwato zake. Wengi walihisi jibu, ila nani alitamke mbele ya Jumbe? Fisi peke yake, ambaye maishani hajawahi kutegua hata kimoja, aliruka juu kwa furaha.

"Hiki nakijua! Mawe yenyewe niliyabeba mi..."

Jumbe akamkanyaga mguu, kacha. "Hajui. Hakuna anayejua."

"Basi nipe mji," Chiriku akasema, maana ndiyo desturi: aliyeshindwa hutoa mji.

"Chukua Bondeni."

"Bondeni kuna vumbi."

"Chukua Mlimani."

"Nitapandaje, mzee, na bawa linaniuma? Labda Fisi ajaribu tena."

Fisi akafungua mdomo.

"Chukua Chemchemi!" Jumbe akafoka, jasho likimtiririka. "Chukua, mchezo uishe."

"Asante, nimepokea." Chiriku akawageukia wenzake. "Mmesikia, nimepewa hadharani. Leo karamu ni mjini kwangu. Bebeni ndoo."

"Na jibu?" Mama Swala akauliza.

"Nimekatazwa kutangaza. Mtaliona wenyewe."

Wakaondoka, ndoo zikigongana. Jumbe akawafuata akihema, akidai ule ulikuwa mchezo tu. Mama Swala alimjibu bila kugeuka, "Mji ukitolewa haurudishwi, mzee. Hata watoto wanajua."

Wakauona ukuta. Wakaliona bwawa. Juu ya jiwe wakaikuta sabuni ya Jumbe, bado mbichi. Kila mmoja aling'oa jiwe lake, na maji, pwaaa, yakashuka kisimani.

Asubuhi iliyofuata Chiriku alitua kichuguuni akatangaza mvua na waliojifungua. Habari ya bwawa hakuigusa. Alimtii Jumbe mpaka mwisho.

Basi mjue: anayemziba mdomo mwenye habari huwafumbua wengine macho.