Ubuyu wa Bi Zuwena

Kila Ijumaa tajiri Khelef alifika mezani kwa Bi Zuwena, muuza ubuyu wa mlangoni pa msikiti, akamnyang'anya sinia zima.

"Rangi ya kiwandani hii, haramu. Nakwenda kuumwaga baharini."

"Shekhe mwenyewe kasema haina neno, bwana."

"Mimi nasema haramu."

Ijumaa ya tatu Bi Zuwena alimkabidhi sinia kwa mikono miwili. "Usibakishe hata punje, bwana."

Kesho yake adhuhuri Khelef alitoka choo cha msikiti, akamkimbilia shekhe pale mlangoni. "Shekhe, nakojoa damu. Udhu wangu utasihi?"

Bi Zuwena akadakia. "Si damu hiyo, bwana. Safari hii nilitia rangi ya bitiruti, halali tupu, ila hutoka nyekundu vilevile ilivyoingia. Sikujua kama bahari yako inaanzia kooni."