Mnusa Midomo wa Lupando

Mnusa midomo naye ana mdomo. Methali hii ilianza hivi, na Mzee Ambakisye aliapa kwamba katika kanisa zima la Pentekoste la Lupando hakuna anayeijua zaidi yake.

"Nimefunga mifungo yote ya kanisa hili tangu ule wa kwanza," aliwaambia vijana wa kwaya. "Miaka arobaini. Sijawahi kuonja hata chumvi."

Vijana waliitika amina, ila amina yenyewe ilikuwa nyembamba. Ilikuwa siku ya pili ya mfungo wa jubilei, na asubuhi ile mzee alikuwa amewasimamisha mlangoni, akawaamuru wapumue mmoja mmoja mbele ya pua yake, akimsaka mla chapati. Bibi Ikupa, mtu wa kwanza kubatizwa na kanisa hilo, alipita na mkeka wake, akamwambia mzee maneno ya methali hiyo kwa upole, akaenda zake kuomba. Sasa vijana walitaka kujua yalitoka wapi. Mzee akakaa juu ya spika kuukuu, hatua sita mbali nao, akaanza.

Zamani kanisa halikuwa na bati wala kinanda. Lilikuwa watu kumi na wanne ndani ya banda la kukaushia pareto, na ngoma yao ilikuwa debe la mafuta ya taa. Mchungaji Gwamaka alipotangaza ubatizo wa kwanza mtoni, aliagiza kwanza wafunge siku tatu, wote wakae bandani, kwa maji tu.

Miongoni mwa waliongoja kubatizwa alikuwamo Ikupa, mpika pombe. Siku alipookoka aliivunja mitungi yake yote sita kwa mchi. Mumewe alivitazama vigae, akamwambia, "Sawa. Ila hao walokole wako wakikukataa, hapa usirudi. Mke asiye na pombe wala kanisa nitamweleza nani?" Kwa hiyo Ikupa hakuwa na nyuma ya kurudi. Kwake ilikuwa mto au barabara.

Siku ya pili, saa tisa alasiri, katikati ya maombi, harufu ya mahindi ya kuchoma ikapita bandani. Mapambio yakalegea. Watu wakaendelea kuomba, ila kwa jicho moja. La pili lilikuwa linamlinda jirani. Mama mmoja alinena kwa lugha huku akikipekua kwa macho kikapu cha mwenzake. Aliyekohoa alitazamwa. Aliyemeza mate alitazamwa zaidi.

Ndipo shemasi akasimama. Alikuwa shemasi fulani wa kuja, mtu wa ng'ambo ya mto. Jina lake, alisema Mzee Ambakisye, limemtoka.

"Shetani yumo humu," shemasi akasema, "na amekula hindi. Pangeni mstari."

Akapita akinusa mdomo baada ya mdomo. Mdomo uliokaa siku mbili bila chakula si ua. Mchungaji mwenyewe alipopumua, shemasi alifumba macho. Alipofika kwa Ikupa hakujisumbua hata kunusa sawasawa.

"Ni huyu. Mtu wa mitungi hawezi kulishinda tumbo. Mchungaji, Jumapili huyu asiguse maji."

Watu wakashusha pumzi. Walikuwa wamemshuku tangu mwanzo, na ni nafuu kumshuku mtu mmoja kuliko kuwashuku kumi na watatu.

Ikupa akauona mto ukimkimbia. Hakulia. Alisogea hatua moja karibu na shemasi, akanusa naye.

"Mchungaji, mimi nimepika pombe miaka kumi na moja. Mtungi ukiiva nilikuwa najua kwa pua tu, nikiwa mlangoni. Naomba niseme."

"Sema, dada."

"Mdomo wangu unanuka. Wako unanuka, baba, unisamehe. Wa mama mchungaji ndio tusiseme. Sote tunanuka njaa. Shemasi peke yake ananukia majani ya mpera."

"Nilisukutua," shemasi akasema. "Nyumba ya Bwana inataka usafi."

"Jana haikutaka? Jana ulikuwa unanuka kama sisi. Leo ulikuwa unafuta nini?"

Shemasi akafunga mdomo. Mchungaji akamwambia aufungue. Juu kulikuwa na harufu ya mpera. Chini yake, kwenye jino la nyuma, kulikuwa na ganda la hindi.

Mfungo ukaanza upya, siku ya kwanza, kwa watu wote, na hakuna aliyemshukuru shemasi. Walipoumaliza, Ikupa akatangulia kuingia mtoni. Shemasi, aliyekwisha kuvuliwa ushemasi, alisimama ukingoni amewashikia waliobatizwa vitenge vikavu.

"Basi ndivyo methali ilivyozaliwa," Mzee Ambakisye akamaliza. "Mtu yule alihama. Sijui hata alifia wapi."

"Hajafa."

Bibi Ikupa alikuwa mlangoni, mkeka kwapani. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu saa ngapi.

"Kitenge changu alikiangusha matopeni," akasema, "nikarudi kwa mume wangu na doa. Doa lile mpaka leo halijatoka, Ambakisye."

Vijana wote wakageuka. Mzee akajikuna shingo.

"Dada Ikupa, hayo ya kale. Nilishatubu."

"Ulitubu, tena mbele yangu, na nilikusamehe." Bibi akanyoosha mkono. "Basi njoo nikusalimie vizuri."

Mzee hakuinuka kwenye spika. "Niko sawa hapahapa," akasema, mkono ukiwa mbele ya midomo.

Bibi akamwendea yeye, polepole, hatua zote sita. Akainama. Pua yake ikacheza kidogo, kama enzi za mitungi.

"Kumbe ule mpera wa nyuma ya kanisa," akasema, "bado una majani."

Hakuna kijana aliyeuliza tena maana ya methali. Kiongozi wa kwaya alimtazama mzee, akapiga kidole mara mbili, akaanzisha taratibu:

"Mnusa midomo..."

"...naye ana mdomo," kwaya ikaitikia, kwa sauti zote nne.