Zimwi Lililoitikia

Tegeni masikio, utamu uingie! Mize, mtunga nyimbo za kutwangia, alikuwa kinuni zimwi lilipomtokea.

"Ewe mwanamke! Nakumeza na shida zako!"

"Nimeze," akajibu Mize bila kuacha mchi. "Ila wimbo wa kinuni hauachwi njiani. Niitikie kwanza: twanga, twende!"

Akaimba njaa, zimwi likachuchumaa. Akaimba msiba, zimwi likaguna. Akaimba upweke, zimwi likadaka mchi, likatwanga huku machozi yakilitiririka: "Twanga, twende!"

Mahindi yalipokuwa unga, likauliza, "Shida zangu umezijuaje?"

"Sizijui. Nimeimba zangu."

Mize akasonga ugali, wakala sahani moja. Basi, wanangu, ukitunga wimbo wa shida, acha pa kuitikia.