Filimbi ya Serahangi Shekue

Sogeeni, na mwenye usingizi akanawe uso kwanza. Mwisho wa hadithi hii nitawauliza jambo, na sitaki majibu ya kupapasapapasa.

Palikuwa na meli ya mizigo ikiitwa Tausi, meli ya moshi iliyoundwa Ulaya mwaka 1908. Uzuri wa tausi haikuwa nao hata chembe. Ilikuwa na dohani moja nyeusi, mbavu zenye kutu, na kiu ya makaa isiyokatika. Serahangi wake, yaani mkuu wa mabaharia, alikuwa Shekue wa Pate. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Filimbi yake ya fedha ilining'inia shingoni, na akiipuliza, watu thelathini waliacha walichokishika.

Watu aliowategemea walikuwa wanne. Kombo, mchochea moto, alikuwa na masikio: aliuma mpini wa beleshi kwa meno, akaliegemeza kwenye mtambo, akajua unaumwa wapi. Faki alikuwa na shingo ngumu. Ukimpa njia kwenye usukani haiachi mpaka umwambie. Bwanakheri alikuwa na mikono: mfuniko wa chuma wa tumbo la meli uliwashinda watu watatu, yeye akauvuta peke yake. Wa nne, Shali, hakuwa na kipaji ila kutoogopa. Huyo alikuwa mwana wa pekee wa Shekue.

Mchana mmoja, jua la utosi, pamba ikashika moto tumboni mwa meli, upande wa mbele. Pamba peke yake wangeiweza. Lakini wapakiaji walikosea, wakaweka makasha matatu ya baruti humo humo, wakidhani ni misumari.

"Nani alisema ni misumari?" Shekue alifoka, mtu asiyefoka.

Shali alikwisha kujifunga kitambaa kilichotota puani, anashuka ngazi.

Aliyapandisha makasha kwa kamba, moja baada ya jingine, na Bwanakheri akayavuta na kuyatosa baharini. La tatu lilifika juu linafuka, na ngozi ya kiganja cha Shali imegandia kwenye mshikio wake.

Kwenye usukani nako kulikuwa na vita. Faki alikuwa ameupa upepo mgongo wa meli, ili ndimi za moto zielekee mbele, mbali na watu. Mabaharia watatu walioingiwa na kiwewe walitaka pwani.

"Geuza, mwanaharamu!"

"Nikigeuza mtaungua nyote."

Wakampiga nondo ya goti, goti likapasuka. Akaning'inia kwenye usukani kwa mikono. Wakampiga ya mbavu. Faki alitema damu juu ya dira, akaifuta kwa kiwiko apate kuisoma, na meli haikugeuka.

Huko mbele, Bwanakheri alitupa kamba mara ya mwisho, ampandishe Shali. Moshi ulikuwa mzito hata vidole vyake hakuviona. Sauti ikapanda kutoka chini:

"Funga! Bwanakheri, funga!"

Shekue, aliyekuwa akihangaika na pampu, naye alilisikia neno hilo. Kabla hajapiga hatua, Bwanakheri aliachia kamba, akauvuta mfuniko. Kishindo chake kilifika mpaka kwenye mitambo.

Kombo alikuwa akikingoja kishindo hicho, kwa kuwa mvuke hauzimi moto ulio wazi. Gurudumu la vali lilikuwa limekwama, na lilikuwa la moto. Alilikamata kwa mikono mitupu, akasikia nyama yake ikichemka, akapiga mayowe, akalizungusha mpaka mvuke wote ukaingia tumboni. Moto ukafa.

Alasiri walipofungua walimkuta Shali ameketi chini ya ngazi. Kamba ilikuwa imemzunguka kiunoni mara moja. Haikuwa na fundo.

Bwanakheri alianguka miguuni pa mzee. "Alisema nifunge mfuniko, baba. Wallahi ndivyo nilivyosikia."

"Au ufunge kamba?" Shekue aliuliza.

Shekue naye alisikia neno lile lile, na hakujua. Hilo ndilo lililomuuma kuliko maiti yenyewe.

Walipofika bandarini nahodha alimwambia, "Macho yako yameliwa na moshi, Shekue. Utabaki nchi kavu. Kabla hatujang'oa nanga, mpe filimbi mmoja wa waliotuokoa."

Shekue aliwatazama kwa macho yake yaliyobaki nusu. Mikono ya Kombo haitashika beleshi tena, lakini filimbi itaishika. Na mvuke uliompika Shali aliufungua yeye. Faki hatasimama tena kwenye usukani, na bila filimbi atashushwa pamoja na mizigo. Bwanakheri ni mzima, lakini akinyimwa na baba wa marehemu, hakuna baharia atakayekubali kulala karibu naye, si kwenye Tausi, si kwenye meli yoyote. Na wapo waliosema filimbi ni ya Shali, azikwe nayo, serahangi aletwe mgeni.

Shekue ameivua. Iko kiganjani mwake. Haya, waungwana, aitie shingoni mwa nani?

Ila kabla hamjajibu, kila mmoja aseme "funga" kwa sauti, kama mtu aliye motoni. Mmesikia lipi?